Maji yasiyoganda kwenye nyuzi -20: jinsi mawingu ya Aktiki yanavyobeba maji na barafu kwa pamoja

"Nafundisha fizikia sekondari. Mwanafunzi wangu amesoma mahali kwamba mawingu ya Aktiki, hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, yana maji kabisa, tena yamechanganyika na barafu. Nikamjibu harakaharaka kwamba labda ni chumvi ya bahari inayozuia yasigande, halafu usiku nikajishuku. Ni kweli maji na barafu vinakaa pamoja siku nzima bila kimoja kukimaliza kingine? Inawezekanaje? Na kuna namna ya kuwaonyesha wanafunzi? Nilijaribu kuweka chupa mbili za maji kwenye friza ya nyumbani. Moja ikaganda. Nyingine ilibaki maji mpaka nilipoichukua, ikaganda ghafla mkononi."

Mwalimu, ile chupa iliyokugandia mkononi imeshajibu nusu ya swali lako, kwa hiyo tuanze nayo.

Tumezoea kufundisha kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Usemi ulio sahihi zaidi ni kwamba barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0. Kuyeyuka hakusubiri kitu. Kuganda husubiri, kwa sababu barafu mpya inahitaji pa kuanzia. Ndani ya maji baridi, molekuli hujipanga kwa bahati na kuunda kijipande chenye mpangilio wa barafu, lakini kijipande hicho ni kidogo mno hivi kwamba karibu chote ni uso, na kutengeneza uso kunagharimu nishati. Kisipofikia ukubwa fulani, kinavunjika hapohapo. Baridi ikizidi, ukubwa huo unaohitajika hupungua, na ikifika karibu na nyuzi -38 vijipande vya bahati vinatosha: matone madogo ya maji safi huganda yenyewe. Kati ya 0 na -38, maji yanahitaji mshenga, yaani chembe ngumu ya kigeni ambayo uso wake huzipa molekuli mahali pa kujipanga. Tuiite mbegu ya barafu.

Si kila vumbi ni mbegu nzuri. Vumbi la madini ya udongo kwa kawaida huanza kufanya kazi vizuri chini ya nyuzi -15. Bakteria fulani wa kwenye majani, hasa Pseudomonas syringae, wana protini inayogandisha maji kwenye nyuzi -2 hadi -5 tu. (Huku kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba mabaki ya majani ya chai ya Kenya ni chanzo cha mbegu za aina hii. Anayejua mvua ya mawe ya Kericho na Nandi ataona kwa nini watafiti walikwenda kuyachokonoa.) Juu ya bahari ya Aktiki iliyofunikwa barafu, huko kwenye Ncha ya Kaskazini, mbali na mashamba na majangwa, mbegu ni adimu. Kwenye nyuzi -15 mara nyingi huipati hata moja katika lita nzima ya hewa.

Sasa linganisha chupa na wingu. Tone la wingu lina kipenyo cha takriban mikromita 10. Chukua chupa yako ya nusu lita ukaigawe kwenye matone ya ukubwa huo: utapata kama trilioni moja. Ndani ya chupa, mbegu moja ikishika, barafu hutambaa na kuenea kote, kwa sababu maji yote yameungana. Ndani ya wingu, mbegu moja hugandisha tone moja, na mengine yote hayajui lolote. Ni kama moto wa makuti: nyumba zikishikana, cheche moja inamaliza kijiji; zikiwa mbalimbali, inaungua moja. Chupa yako ya kwanza ilikuwa na mbegu yake, pengine kijivumbi au mkwaruzo kwenye plastiki. Ya pili haikuwa nayo, au ilikuwa nayo dhaifu, ikasubiri mtikiso wa mkono wako.

Chumvi basi haimo kwenye hesabu hii. Ni kweli matone mengi ya Aktiki huanzia kwenye chembe za chumvi ya bahari, lakini chembe yenye kipenyo cha mikromita 0.1 ikiwa ndani ya tone la mikromita 10 inakuwa imezimuliwa mara milioni. Hiyo ni kama miligramu 2 za chumvi kwa lita, wakati maji ya bahari yana gramu 35 na bado hayavuki nyuzi -1.8 bila kuanza kuganda. Mrudie mwanafunzi wako umsahihishe, tena mpe hesabu hiyo aifanye mwenyewe.

Hilo linaeleza kwa nini maji yapo. Halielezi kwa nini yanabaki barafu ikishaingia, na hapa ndipo shaka yako ya usiku ilipokuwa na haki, kwa sababu kwa hesabu ya kawaida barafu ilipaswa kushinda. Kwenye nyuzi -15, hewa iliyojaa mvuke kwa kipimo cha maji ina kanieneo ya mvuke ya hektopaskali 1.91. Kwa kipimo cha barafu, kujaa ni 1.65 tu, maana molekuli zimeshikwa kwa nguvu zaidi kwenye fuwele. Kwa hiyo hewa ambayo tone linaiona imejaa barabara, fuwele inaiona imezidi kwa asilimia 16. Fuwele inajilia mvuke. Mvuke unapungua, tone jirani linaanza kukauka ili kuufidia, na fuwele inaendelea kula. Alfred Wegener, yule wa mabara yanayosogea, aliligusia jambo hili mwaka 1911. Tor Bergeron na Walter Findeisen wakaliendeleza miaka ya 1930, na mpaka leo linaitwa kwa majina yao matatu. Kwenye chumba kilichofungwa, mwisho wake ni mmoja: matone yanaisha, barafu inabaki.

Lakini wingu halijafungwa. Lina hewa inayopanda na kushuka, lina kinachoingia na kinachotoka, na kila kimoja kina kasi yake.

Tazama kwanza kinachotoka. Fuwele ikila vizuri inakua hadi sehemu ya milimita au zaidi, na inaanza kuanguka kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Tabaka la maji kwenye wingu la aina hii mara nyingi lina unene wa mita mia chache. Ukichukua mita 300, fuwele inatoka nje kwa chini dakika 10 tu baadaye. Tone la mikromita 10 linashuka milimita 3 kwa sekunde. Kwa umbali uleule lingehitaji zaidi ya saa 27, na mkondo wowote wa hewa unalirudisha juu. Mlaji anafukuzwa mezani kwa sababu ya unene wake mwenyewe. Ndiyo maana umbo la wingu hili linashangaza wanaoliona mara ya kwanza kwenye vipimo: maji yako juu, mahali penye baridi kuliko pote ndani ya wingu, na barafu inaning'inia chini yake kama pazia jepesi la theluji.

Halafu kinachoingia. Tabaka la matone ni hodari sana wa kutoa mnururisho wa joto kwenda juu. Likiwa chini ya anga kavu na baridi ya Aktiki, mita zake chache za juu hupoa kwa kasi ya makumi ya nyuzi kwa siku, endapo hakuna kinachozirudishia joto. Hewa iliyopoa ni nzito, inazama. Nyingine inapanda kujaza nafasi. Wingu linajikoroga lenyewe kutokea juu, kinyume cha sufuria jikoni inayokorogwa na moto wa chini. Hewa inayopanda hupoa kati ya nyuzi 0.7 na 0.9 kwa kila mita 100, na ikipanda kwa kasi ya kutosha mvuke wake unapita hata kiwango cha maji. Hapo tone na fuwele vyote vinakua pamoja. Inaposhuka kwa kasi, vyote vinapungua. Ni katika hali ya katikati tu ndipo barafu inamnyonya jirani yake, kwa hiyo ule ushindi wa vitabuni ni wa kipindi kimoja, si wa mchezo mzima. Na kwa kuwa fuwele ni chache, pengine moja kwa lita dhidi ya matone 50,000, haziwezi kula mvuke haraka kama unavyoletwa.

Mvuke wenyewe unatoka wapi? Wakati mwingine kwenye bahari iliyo wazi chini. Ila Aktiki ina jambo lake: mara nyingi hewa iliyo juu ya kilele cha wingu ina mvuke mwingi kuliko hewa iliyo chini yake, kwa sababu inaletwa kutoka kusini ikiwa na unyevu wake na kuteleza juu ya hewa baridi iliyolala kwenye barafu. Mawingu mengi ya tropiki yakichanganyika na hewa ya juu yao hukauka. Hili likichanganyika nayo hulishwa. Linaweza kuishi hivyo siku kadhaa.

Na linaweza kufa ndani ya saa chache. Lipunguzie chakula cha mvuke, au lete hewa yenye mbegu nyingi, au weka wingu lingine juu yake. Hilo la juu linafanya maovu mawili kwa mkupuo: linazuia joto lisitoke, kwa hiyo ule mkorogo unalegea, na linadondosha fuwele zake ndani ya tabaka la chini. Tabaka la maji likishapungua chini ya takriban gramu 20 au 30 kwa mita mraba, halitoi tena mnururisho kwa nguvu zake zote. Upoaji unapungua, mkorogo unapungua, maji yanapungua zaidi. Ni kuporomoka. Kinachobaki ni theluji nyepesi, halafu anga tupu.

Wakati mwingine barafu huzaliana. Katika baridi ya nyuzi -3 hadi -8, matone yakigonga fuwele na kuigandia, vijibanzi hurushwa, na kila kimoja kinakuwa fuwele mpya. John Hallett na Stanley Mossop walilionyesha hili maabara mwaka 1974. Ndiyo maana wingu la nyuzi -5 lenye mbegu chache linaweza kukutwa na barafu nyingi kuliko lenzake la nyuzi -15. Hapa wataalamu bado wanabishana juu ya njia ipi ya kuzaliana ina uzito gani, na ukikutana na maelezo yanayodai yamemaliza suala hili, yasome kwa jicho la pembeni.

Utajuaje kilichomo ndani bila kwenda? Kwa laida, yaani mwanga wa leza unaorushwa juu na kupokelewa ukirudi. Tone ni duara, na mawimbi ya mwanga hurudi yakitikisika kwa mwelekeo uleule. Fuwele ina pembe, inaupindua mwelekeo huo. Rada huona upande wa pili wa jambo: nguvu ya mwangwi wake hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha sita, hivyo fuwele moja ya milimita 1 inapiga kelele sawa na matone trilioni moja ya mikromita 10. Laida husema maji yako wapi, rada husema barafu iko wapi, na chombo cha tatu kinachopima mawimbi ya maikrowevu yatokayo kwenye maji kinasema ni gramu ngapi. Vifaa hivi viliwekwa kwenye meli ya Kanada, Des Groseilliers, iliyoachwa igande ndani ya barafu ya bahari kaskazini mwa Alaska mwaka 1997 hadi 1998, na vikaonyesha maji kwenye mawingu yenye baridi hadi nyuzi -34. Kati ya 2019 na 2020 meli ya Ujerumani, Polarstern, ilirudia kazi hiyo karibu zaidi na Ncha. Tahadhari moja kwa mwanafunzi anayependa kusoma takwimu za puto za hali ya hewa: unyevu huandikwa kwa kipimo cha maji. Kwenye nyuzi -20, asilimia 82 tu tayari ni hewa iliyojaa kwa barafu. Asiseme "hakuna wingu" kwa sababu hakuona 100.

Umuhimu wake? Gramu 30 za maji juu ya mita mraba ni vijiko viwili vya chakula, utando wa milimita 0.03. Utando huo unatosha kubadili usiku wa Aktiki. Majira ya baridi, anga ikiwa tupu, uso wa barafu hupoteza takriban wati 40 kwa kila mita mraba. Wingu la maji likifunika, upotevu unakaribia sifuri. Julai 2012 karibu uso wote wa barafu ya Greenland uliyeyuka, hata kituo cha Summit kilichoko zaidi ya mita 3,200 juu, na mawingu membamba ya maji yalikuwa na mkono wake: mazito kiasi cha kurudisha joto chini, mepesi kiasi cha kuachia jua lipite.

Wanafunzi watauliza kama mawingu haya yatatuokoa na ongezeko la joto au yataongeza balaa. Jibu la haki ni kwamba kuna breki, ila ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Joto likipanda, barafu ya wingu hugeuka matone. Matone ni mengi na madogo, hung'arisha wingu na kurudisha jua zaidi. Modeli za zamani za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya dunia ziligandisha mawingu upesi mno, hasa juu ya Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, kwa hiyo zilikuwa na akiba kubwa ya barafu ya kugeuza. Mawingu halisi tayari yana maji mengi. Kusahihisha hilo ni sababu mojawapo iliyofanya baadhi ya modeli mpya zitabiri joto kubwa zaidi.

Sasa darasani. Nunua chupa sita za plastiki za nusu lita, maji ya kunywa yaliyosafishwa, hazijafunguliwa. Zilaze kwenye friza juu ya kitambaa, zisigusane wala kugusa ukuta wenye theluji. Fungua chupa ya saba, tia kipimajoto, hiyo ni shahidi. Kwenye friza ya nyuzi -18 anza kuangalia baada ya saa mbili, kila dakika 10. Shahidi akionyesha kati ya -5 na -8, toa chupa taratibu na igonge mezani: sindano za barafu zitashuka kutoka juu hadi chini kwa sekunde chache. Shahidi naye akiganda, kipimajoto chake kitaruka kurudi 0. Wape wahesabu: kwenye -8, kila gramu inahitaji jouli 33.6 kufika sifuri, na kuganda kunatoa jouli 334 kwa gramu, kwa hiyo ni sehemu moja ya kumi tu iliyoganda. Ndiyo maana chupa yako ilikuwa rojo, si jiwe. Zote zikiganda kabla, umechelewa au umezitikisa. Zikigoma kuganda, fungua moja udondoshe kipande cha barafu. Mbegu iliyo bora kuliko hiyo hakuna. Usitumie chupa za kioo, zinapasuka.

Wingu lenyewe linahitaji friza ya kufunguliwa juu, kama ya duka la samaki, yenye -15 au chini. Futa theluji kwenye kuta, maana inanyonya mvuke na vipande vyake vikidondoka vinaharibu jaribio. Tandika kitambaa cheusi, acha ndani kwa nusu saa ile plastiki ya kufungia vyombo yenye vipovu vya hewa. Zima taa, washa tochi kwa ubavu, pumua ndani polepole mara tatu nne. Ukungu mweupe uliofifia utakaouona ni matone ya maji kwenye -15. Sasa pasua kipovu kimoja humohumo. Hewa iliyobanwa inapanuka ghafla na kupoa, kwa nukta moja, chini ya -40. Ndani ya dakika moja hivi utaona vimeremeta vikigeuka kwenye mwanga, na ukungu unaovizunguka ukififia: fuwele zinakula matone mbele ya macho ya darasa. Vincent Schaefer alifanya mfano wa jaribio hili Julai 1946 kule Schenectady, Marekani, kwenye friza ya aina hiihii, kwa kipande cha barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa.

Barafu kavu usiiguse bila fundi wa maabara anayeijua: inaunguza ngozi, na gesi yake ikijaa chumba kilichofungwa inaua. Ukitaka kupima mbegu tone kwa tone, kwa mfano maji ya mvua ya shuleni dhidi ya maji yaliyotiwa majani makavu, peleka wazo lako idara ya fizikia ya chuo kikuu kilicho karibu. Jaribio hilo linahitaji sahani ya kupoza inayodhibitiwa, matone 50 ya mikrolita 1 na kamera. Na akitokea kijana anayejifunza urubani, mwambie maelezo haya hayamtoshi. Matone makubwa ya maji ya namna hii yalijenga barafu kwenye bawa la ndege iliyoanguka Roselawn, Indiana, tarehe 31 Oktoba 1994, wakafa watu 68. Hilo akaliulize kwa mkufunzi wake, ana kwa ana, kabla hajaruka.